Mradi wa Jumapili: kuihangaikia 147,573,952,589,676,412,927 kwa kalamu

JUMAPILI YA 1

Haya nimeanza. Kaunta buku la kwaya 3, kalamu mbili za bluu na moja nyekundu, simu nimeiacha chumbani inachaji, mi niko barazani na kigoda. Mradi wangu ni namba moja tu:

147,573,952,589,676,412,927

Tarakimu 21. Unaipata ukizidisha 2 sitini na saba zote pamoja, yaani 2^67, halafu unatoa 1, basi. Ila hii namba ina kesi ya zamani sana. Mwaka 1644 mtawa mmoja Mfaransa, Marin Mersenne, alichapisha kitabu na humo ndani akasema kwenye namba za aina hii (2^n toa 1) kwa n isiyozidi 257, zilizo tasa (hazigawanyiki ila kwa 1 na zenyewe) ni pale n ikiwa 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257, nyingine zote hapana. Hesabu hakuonyesha. Watu wakakaa na orodha yake zaidi ya miaka 200 mpaka 1876 ambapo Mfaransa mwingine, Édouard Lucas, akaonyesha ile ya 67 sio tasa, imewekwa kimakosa, ila akapitia mlango wa uani, yaani alijua inagawanyika lakini inagawanyika kwa ngapi hakujua. Ikabaki hivyo miaka mingine 27.

Halafu tarehe 31 Oktoba 1903, New York, kwenye mkutano wa chama cha wanahisabati wa Marekani, akasimama Frank Nelson Cole wa chuo kikuu cha Columbia. Inavyosimuliwa hakusema neno hata moja. Alienda ubaoni akakokotoa 2^67 kwa chaki akatoa 1, akahamia sehemu nyingine ya ubao akazidisha 193,707,721 kwa 761,838,257,287, majibu mawili yakawa sawa tarakimu kwa tarakimu, akarudi kwenye kiti chake akakaa, ukumbi mzima makofi. Baadae alipoulizwa ilimchukua muda gani akajibu "Jumapili za miaka mitatu".

Hilo jibu ndo lilinikaa kichwani. Jumapili za miaka mitatu ni 156. Mi nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Morogoro, nafunga Jumapili tu, hesabu nilisoma mpaka kidato cha sita nikaishia hapo, na nimekuwa najiuliza hivi huyu mzee Jumapili zote hizo alikuwa anafanya nini hasa? Kuzidisha ni kazi ya mchana mmoja. Kwa hiyo nimejipangia hivi: kwanza nifanye alichofanya ubaoni, kwa mkono, bila kalkuleta. Halafu nijaribu kuonja hiyo miaka mitatu, Jumapili nane tu jumla.

Kazi ya leo ilikuwa kuipata 2^67 yenyewe. Nimeanza 2, 4, 8, 16, naongeza mara mbili mbili mstari kwa mstari mpaka wa 67. Mpwa wangu yuko kidato cha pili, alipita akaniuliza "Anko si uzidishe tu 1,024 kwa 1,024 uruke", ni kweli 2^20 ni 1,048,576 ungeipata kwa mkupuo, lakini kuongeza mara mbili kuna faida moja, huwezi kupotea mbali. Na kila mstari nilikuwa nautega mitego miwili. Wa kwanza tarakimu ya mwisho, inazunguka 2, 4, 8, 6, 2, 4, 8, 6 haikosei. Wa pili kutupa tisa, yaani unajumlisha tarakimu zote, ukipata zaidi ya 9 unajumlisha tena mpaka ibaki moja, kwenye vipeo vya 2 inazunguka 2, 4, 8, 7, 5, 1 halafu inarudi. Nilinaswa mara mbili, mstari wa 41 na wa 58, zote nilisahau kubeba moja.

Kwenye mstari wa 64 nikapumzika: 18,446,744,073,709,551,616. Ukitoa 1 hapo ndo unapata ile jumla ya hadithi ya punje za ngano kwenye ubao wa chesi. Mpwa akasema basi tufanye kwenye bao, shimo la kwanza kete moja, la pili mbili, la tatu nne. Bao lina mashimo 32, nikamwambia shimo la mwisho litataka kete 2,147,483,648 na sisi tunazo 64, akacheka akaenda zake mpirani.

Mistari mitatu zaidi nikafika: 147,573,952,589,676,412,928. Toa 1, mwisho 7. Kutupa tisa inatoa 1. Saa moja na dakika arobaini, na chai imepoa.

JUMAPILI YA 2

Leo kuzidisha. Nilikuwa naogopa lakini nilivyoangalia vizuri namba ya Cole nikaona ni rafiki. 193,707,721 ina tarakimu tisa, lakini saba ziko tatu, moja ziko mbili na sifuri ipo moja. Kwa hiyo badala ya mistari tisa ya jasho unahitaji kuzidisha ile kubwa kwa 2, 3, 7 na 9 tu, nyingine ni kunakili. Nikazitengeneza pembeni kwanza:

mara 2 ni 1,523,676,514,574
mara 3 ni 2,285,514,771,861
mara 7 ni 5,332,867,801,009
mara 9 ni 6,856,544,315,583

Halafu nikazipanga ngazi ngazi, kila mstari unasogea kushoto hatua moja, nikajumlisha. Jibu: 14,762,689,196,833,702,927.

Sasa hapa ndo pa kuchekesha. Mwisho 2,927 sawa kabisa na namba yangu. Mwanzo 147, sawa. Nikatupa tisa: 193,707,721 inatoa 1, ile kubwa inatoa 1, moja mara moja ni moja, jibu langu nalo linatoa 1. Nikaona safi kabisa, nikaenda kula. Narudi naanza kulinganisha katikati, hakuna kinachofanana. Zaidi ya hapo tarakimu 20 wakati natakiwa 21!

Nilihangaika kama nusu saa narudia kujumlisha na kila nikijumlisha napata kilekile, nikaanza hadi kumtilia shaka Cole. Kumbe ni ile sifuri. Nilipofika kwenye sifuri nikasema hapa hakuna cha kuandika, nikaruka, na mstari uliofuata nikausogeza hatua moja badala ya mbili, yaani nilikuwa nimezidisha kwa 19,377,721. Na kutupa tisa hakuwezi kuona kosa hilo asilani, kwa sababu kuongeza au kupunguza sifuri hakubadilishi jumla ya tarakimu. Mtego mzuri ila una tundu la kupitisha ng'ombe.

Mtego ambao ungeninasa ni wa kumi na moja: kutoka kulia unajumlisha na kutoa kwa zamu, jumlisha, toa, jumlisha, toa, halafu unaangalia baki ya 11. Namba ndogo ya Cole inatoa 9, kubwa inatoa 8, tisa mara nane ni 72, baki 6. Jibu langu la makosa linatoa 0. Ningeona sekunde ileile. Dukani nikihesabu stoo natumia kutupa tisa miaka yote, kuanzia Jumatatu naongeza na hii.

Nikasogeza mistari, nikajumlisha upya: 147,573,952,589,676,412,927. Kumi na moja inatoa 6. Nimeipigia mstari kwa kalamu nyekundu.

Jumla masaa mawili na nusu pamoja na ujinga wangu. Kwa hiyo sehemu ya ubaoni ya Cole imeisha ndani ya Jumapili mbili, bado 154.

JUMAPILI YA 3

Msiba mtaa wa pili. Sikugusa daftari.

JUMAPILI YA 4

Sasa tunaingia kwenye uhondo wenyewe. Jifanye Cole hajazaliwa. Una namba ya tarakimu 21, umeambiwa inagawanyika, utafute kwa ngapi. Unaanzia wapi?

Mjinga anaanza 3, 5, 7, 9, 11 anapanda. Kigawo kidogo ni 193,707,721 kwa hiyo witiri za kujaribu kabla ya kukifikia ni karibu milioni 97. Hapana.

Ila hizi namba za Mersenne zina siri, na siri yenyewe sio ngumu ukiiangalia kama upatu. Chukua kigawo chochote tasa, tukiite q. Anza na 1, zidisha 2, zidisha 2, ila kila ikizidi q unabaki na baki tu. Siku moja lazima urudi kwenye 1, kama zamu ya upatu inavyokurudia. Kama q inagawanya 2^67 toa 1, maana yake baada ya hatua 67 umerudi kwenye 1. Na kwa kuwa 67 yenyewe ni tasa hakuna mzunguko mfupi zaidi uliojificha ndani yake, ni 67 kamili. Na Fermat, mwanahisabati Mfaransa, alishasema huko karne ya 17 kwamba kwa namba tasa q, mzunguko wa namna hii lazima uingie kamili kwenye q toa 1. Kwa hiyo q toa 1 inagawanyika kwa 67, na kwa kuwa q ni witiri inagawanyika kwa 134. Yaani kila kigawo tasa ni 134 mara k jumlisha 1, k ikiwa namba nzima. Hakuna namna nyingine.

Nilijaribu kwanza kwa ndogo ili niamini: 2^11 toa 1 ni 2,047, na 2,047 ni 23 mara 89. 23 ni 22 jumlisha 1, 89 ni 22 mara 4 jumlisha 1. Sawa sawia. Na za Cole? 193,707,720 gawanya kwa 134 ni 1,445,580 bila baki. Ile kubwa k yake ni 5,685,360,129. Niliposhusha huo mgawanyo wa pili nikapata baki sifuri mwili ulisisimka kidogo, sijui kwa nini, maana nilishajua.

Kuna chujio la pili. Ukiwa kwenye baki za namba yetu, 2^67 ni 1, kwa hiyo 2^68 ni 2. Lakini 2^68 ni 2^34 mara yenyewe. Kwa hiyo 2 ni mraba kwenye dunia ya hii namba, na hivyo ni mraba kwenye dunia ya kila kigawo chake tasa. Na 2 inakuwa mraba pale tu ambapo namba tasa ikigawanywa kwa 8 inabakisha 1 au 7. Ukiingiza hiyo, k lazima ikigawanywa kwa 4 ibakishe 0 au 1. Nusu ya wagombea wameanguka.

Nikaanza kuwaandika: 135 haifai ni ya tano, 537 ya tatu, 671 ni 11 mara 61, 1,073 ni 29 mara 37, 1,207 ni 17 mara 71, halafu 1,609. Huyu ni tasa kweli. Mgombea wa kwanza!

Kumjaribu hauigawanyi ile namba ndefu, unapanda kwa mraba: 2^8 ni 256. 2^16 ni 65,536, toa 1,609 mara 40, baki 1,176. Mraba wa hiyo ni 1,382,976, baki 845, hiyo ni 2^32. Mara 2 toa 1,609 ni 81, hiyo 2^33. Mraba wa 81 ni 6,561, baki 125, hiyo ni 2^66. Mara 2 ni 250. Nilitaka 1 nimepata 250. Kwaheri 1,609.

Wa pili 3,217, anaishia 197. Wa tatu 4,289, anaishia 3,079. Nimefanya wanane leo mpaka giza, wote kwaheri.

JUMAPILI YA 5

Leo sikujaribu mgombea hata mmoja, nimekaa napiga hesabu ya hesabu.

Kutoka k ya kwanza mpaka 1,445,580 wagombea waliopita machujio mawili ni 722,790. Ukiwatoa wasio tasa wanabaki kwa makadirio kama elfu themanini na moja. Tuseme mtu ana mkono mwepesi kuliko wangu na anamaliza mmoja kwa dakika 10 (uongo huo, maana wakifika tarakimu tisa kila mraba una tarakimu 17 au 18), anakaa masaa 8 kila Jumapili, ni wagombea 48. Inakuja kama Jumapili 1,700, miaka 32 na ushee. Na hapo sijahesabu kazi ya kujua nani tasa nani sio.

Kwa hiyo Cole hakufanya hivi. Miaka mitatu haitoshi kabisa kwa njia hii na ndo maana ile hadithi ukiisikia haraka haraka inakudanganya, unapata picha ya mzee mvumilivu anagawanya gawanya tu kila baada ya kanisa. Alichofanya ni kuongeza machujio. Lile la 2 kuwa mraba limekata nusu, si ndio? Sasa ukipata namba nyingine ndogo ambayo ni mraba kwenye dunia ya namba yetu, nayo inakata nusu nyingine. Ukipata ya tatu, nusu ya hiyo nusu. Ukipata kumi zisizotegemeana umegawanya wagombea kwa 1,024, wale elfu themanini na moja wanabaki kama themanini. Themanini hata mimi nawaweza.

Kasheshe ni kuzipata hizo namba. Unatafuta miraba mikubwa iliyo karibu na namba yako au vigawe vyake, unatoa, unaangalia kilichobaki kama kinavunjika kwenye vipande vidogo, halafu unavichanganya vipande vya mistari tofauti ili vinavyojirudia viuane. Nimejaribu mchana kutwa. Kipeuo cha pili cha namba yangu kiko kama bilioni 12.1, kwa hiyo ukitoa mraba wa jirani unabaki na kitu cha tarakimu kumi au kumi na moja, na kukivunja hicho chenyewe ni mradi. Nilipata vitatu, viwili havikuvunjika, cha tatu nilikivunja halafu nikagundua mraba wa mwanzo nilikosea. Kurasa sita zimeenda na maji.

Sasa naanza kuelewa 156.

JUMAPILI YA 6

Nimesalimu amri, nimefungua laptopu ya dukani. Sheria yangu ya bila mashine ilikuwa ya kuzidisha tu bwana, nimeisoma tena ukurasa wa kwanza, iko hivyo.

Kwanza nikaiweka kwenye Excel. Ikaandika 147,573,952,589,676,000,000. Imeshika tarakimu 15 za mwanzo zilizobaki imeweka sifuri bila hata kunipa taarifa. Fikiria ungekuwa mkopo.

Nikaenda kwenye Python, lugha ya kuandikia programu, nikaandika kihaba haba nilivyojifunza kwenye video, nikatumia math.pow kupata 2^67, nikatoa 1, nikauliza baki yake kwa 2. Jibu 0. Yaani shufwa! Namba inayoishia na 7! Nikauliza baki yake kwa 193,707,721 ambayo nimeizidisha kwa mkono wangu. Jibu 1. Nilikaa nikaiangalia ile skrini kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu.

Ikabidi nifikirie. Ile njia inatunza namba kwa desimali, na desimali ya kompyuta inashika tarakimu kama 16 tu, baada ya hapo inakadiria. 2^67 inaingia vizuri kwa sababu ni kipeo cha 2 ambacho mashine inakipenda, lakini ukitoa 1 mashine haioni tofauti, inarudisha 2^67 ileile. Ndo maana ni shufwa. Na ndo maana baki ni 1, kwa sababu 2^67 ikigawanywa kwa kigawo cha Cole inabakisha 1 kweli, hilo ndo hasa tulilokuwa tunalitafuta siku zote! Mashine ilijibu sahihi swali ambalo sijauliza. Nikabadilisha nikaandika 2**67 - 1 kwa namba nzima, baki 0, moyo ukatulia.

Halafu nikaweka wagombea, k ya 0 au 1 kwa baki ya 4, kila mmoja apande mpaka 2^67 tuone nani anatoa 1. Enter. Sikumaliza hata kuinua kikombe. Sekunde kama mbili: k = 1,445,580, mgombea wa 722,790. Nikajaribu na ile njia ya mjinga, witiri zote kuanzia 3, ikachukua kama nusu dakika.

Nilitegemea nitafurahi, lakini nilijisikia kama nimemwibia mtu.

Basi nikaendelea kuipekua ile namba. Vigawo vyake ni vinne tu: 1, wale wawili, na yenyewe. Ukijumlisha vyote ukiiacha yenyewe unapata 762,031,965,009, kidogo mno mbele ya tarakimu 21. Hapa kuna historia: Mersenne hakuzitafuta hizi tasa kwa kujifurahisha, tangu Euclid, Mgiriki wa kale, ilijulikana 2^n toa 1 ikiwa tasa unaizidisha na 2^(n toa 1) unapata namba kamilifu, ambayo vigawo vyake vikijumlishwa vinairudisha yenyewe, kama 28 ambayo ni 1+2+4+7+14. Kama 67 ingekuwa kweli kungekuwa na namba kamilifu ya tarakimu 41 hapo. Haipo. Na namba yetu yenyewe kwa mfumo wa mbili (wa 0 na 1 tu) ni moja 67 zimepanga foleni, hakuna sifuri hata moja.

Na kingine ambacho kingenipeleka mrama kama nisingejua jibu: kipimo cha haraka cha utasa unachokikuta kila mahali ni kuchukua 2, kuipandisha kwenye kipeo cha namba toa 1, ukipata baki 1 unaambiwa huenda ni tasa. Nikaipima. Baki 1! Inapita! Nikakumbuka upatu: namba yetu toa 1 ni 2 mara (2^66 toa 1), na 2^66 toa 1 inagawanyika kwa 67, kwa hiyo zamu inarudi pale pale kwenye 1 iwe tasa isiwe tasa. Kumpima huyu kwa 2 ni kama kumuuliza mtuhumiwa kama ni mwizi. Hata 2,047 inapita kipimo hicho na wote tunajua ni 23 mara 89.

JUMAPILI YA 7

Leo mlango wa uani wa Lucas. Nilitaka nielewe unajuaje kitu kinagawanyika bila kujua kwa ngapi, na hapa nimetumia njia yake ilivyonyooshwa baadae na Derrick Lehmer miaka ya 1930. Anza na 4. Zidisha kwa yenyewe toa 2, chukua baki. Rudia. Kwa 2^p toa 1 (p tasa, ila sio 2) unarudia mara p toa 2, ukiishia 0 ni tasa, ukiishia chochote kingine sio. Basi!

Kwa mkono kwenye 127 ambayo ni 2^7 toa 1: 4, 14, 67, 42, 111, 0. Hatua tano, sifuri, tasa. Kwenye 2,047: 4, 14, 194, 788, 701, 119, 1877, 240, 282, 1736. Sio sifuri, sio tasa, na angalia kwamba 23 na 89 hazijatajwa popote. Nimemwonyesha mpwa, akasema "Anko hii uchawi", sikuwa na jibu zuri.

Kwa 67 ni hatua 65 za kuzidisha namba za tarakimu 20 na 21. Hapo laptopu ilifanya, haikuishia sifuri. Nikapitisha orodha nzima ya Mersenne. 67 haiishii sifuri, 257 haiishii sifuri. Halafu 61, 89 na 107 zote sifuri, na zote tatu alizisahau. Makosa matano, lakini 127 aliipata, na 2^127 toa 1 ina tarakimu 39, sijui aliotaje. Iliyotangazwa Oktoba 2024 kuwa kubwa kuliko tasa zote zinazojulikana ni ya ukoo huuhuu, 2^136,279,841 toa 1, tarakimu zake 41,024,320. Kaunta buku langu halitoshi.

JUMAPILI YA 8

Nilisema nane na leo ni ya nane. Ila sikugusa 67 leo, leo ilikuwa zamu ya mpwa. Alisema na yeye anataka namba yake aivunje kwa kalamu. Nikampa 2^29 toa 1, yaani 536,870,911, nikamweleza sheria: wagombea ni 58 mara k jumlisha 1, na wakigawanywa kwa 8 wabakishe 1 au 7. Nikaingia ndani kutengeneza feni.

Wa kwanza kupita chujio ni 175, akamtoa ni wa tano. Wa pili 233. Akampandisha, akapata 1. Sijamaliza hata kufungua skrubu za feni naitwa. Akagawanya akapata 2,304,167, akaendelea: 407 hapana ni ya 11, 465, 639, 697, 871 wote hawana utasa, 929 tasa ila inabakisha 247, halafu 1,103 ikaingia kamili, ikabaki 2,089. Amevunja yote vipande vitatu, kurasa mbili, dakika kama hamsini.

"Anko", ananiambia, "sasa wewe wiki nane zote ulikuwa na shida gani?"

Nimempa nyingine ya Jumapili ijayo: 2^37 toa 1, 137,438,953,471. Wagombea ni 74 mara k jumlisha 1. Mgombea wake wa kwanza ni 223 na anaingia kamili, Fermat alimwandikia Mersenne kuhusu huyohuyo mwaka 1640, kwa hiyo atampata ndani ya dakika tano na ataniita tena. Atabaki na 616,318,177. Hiyo ni tasa, lakini ili awe na uhakika kwa njia yake itabidi apitie wagombea mpaka wafike 24,825, ni 167 kabla ya kuwatoa wasio tasa. Sijamwambia. Nimemwachia kaunta buku, kuna kurasa za kutosha.